Jirani Abandikaye Karatasi za Nyama

"Rael, usimpe mtoto hiyo soseji!"

"Mama, imeandikwa nyama ya ng'ombe."

"Mimi sijui kusoma," nikamwambia, "lakini paka wangu ameisoma akatoroka."

Soseji hiyo katuletea jirani, yule anayebandika karatasi za majina kwenye nyama katika duka kubwa la mjini. Huongea kwa kunong'ona. Hata akiketi, kidole gumba chake hupapasa goti kana kwamba anabandika. Akipita, mbwa wote wa mtaa wetu wa Kangemi hunyamaza na kumfuata kwa mstari mpaka mlangoni kwake. Yeye hula mboga ya sukuma wiki tu. Juzi nilimwona akibandua karatasi yenye picha ya ng'ombe kwenye pakiti ya nyama. Chini yake kulikuwa na nyingine, halafu nyingine tena. Kabla ya kufikia ya mwisho, alifumba macho.

Rael alicheka, akakata kipande. Mlango ukafunguka. Jirani alisimama pale, kidole kikipapasa hewa.

"Rael," akanong'ona, "mtoto ameshaonja?"