Nimeshiba, Ahsante

Kazi yangu ni kulea wazee wa watu. Asubuhi napanda basi hapa Edmonton, London, naingia nyumba hii namwogesha bibi, natoka naingia nyumba ile namkorogea babu uji wake, naandika nilichofanya, naondoka. Nimeifanya miaka mingi na ninaijua. Kwa hiyo mama yangu alipoanza kusahau, kila mtu aliniambia una bahati, wewe utamweza. Bahati gani! Mimi niko kwa mama wa mwenzangu namkata kucha, wangu yuko nyumbani peke yake, kafungua gesi na kiberiti hakukiwasha.

Mama tulimleta kutoka Tanga baada ya baba kufariki, aje anisaidie wanangu wangali wadogo. Akawalea, wakakua, wakaenda zao. Tukabaki wawili. Kichwa kikaanza kumtoka kidogo kidogo, kwanza majina ya majirani, kisha siku za wiki, kisha njia ya kwenda dukani. Asubuhi moja ya baridi kali alitoka na kanga na ndara, akaketi kituoni, na basi lilipokuja akamwambia dereva anakwenda Pongwe, kwetu Tanga. Yule dereva Mungu ambariki, alishuka akamvika koti lake, akakaa naye mpaka polisi walipofika. Simu yao ilinikuta nimepiga magoti, namvalisha mzee wa mtu soksi. Nikajua basi, sasa nimeshindwa.

Ndugu yangu ni mmoja tu, kaka yangu, anakaa Wembley. Ni mkubwa wangu na ukubwa wake anaujua. Tulipokubaliana kwamba mama atafutiwe nyumba ya wazee, alinituma mimi nimpigie mama mdogo kule Tanga nimweleze, yeye akajifanya ana kazi.

"Mnamtupa dada yangu kwa wazungu?" mama mdogo akapiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Hatumtupi, mama mdogo. Nikienda kazini hana mtu. Au uje wewe umkalie?"

"Mimi? Na magoti haya?"

"Haya basi."

Alinuna, akakata simu. Nililia, halafu nikaosha vyombo.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa karibu na kwangu, hata kwa miguu nafika. Jumba zuri, jipya, lina bustani, chumba cha kusukia nywele, hata chumba cha kutazamia sinema. Sakafu inang'aa, wafanyakazi wana vitambulisho kifuani na tabasamu usoni. Kaka alipita anabonyeza makochi kama mtu anayetaka kuyanunua. Akaniambia, "Mdogo wangu, hapa hata mimi nahamia." Mimi nilikagua kama mtu wa kazi. Nikanusa mito, nikaangalia kama jagi la maji liko karibu na mkono wa mgonjwa, nikatazama kucha za wazee. Hakuna pa kusema kitu. Wakatukubalia mama akae kwanza kwa muda, aonje, ndipo tuamue.

Alipungua. Sisemi alinyong'onyea kidogo, nasema alipungua mwili, mpaka pete yake ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni. Nikiuliza, naambiwa kwa upole kwamba mama yako hapendi chakula chetu, kila tukimpa anasema hapana, lakini ana adabu, anakataa huku anatabasamu. Nikasema aah, ni chakula cha kizungu, viazi vya kuponda na njegere, nani atakula vile? Nikaanza kumpelekea wali na mchuzi wa nazi kwenye kibakuli. Namsukumia, anakula mpaka anakomba. Nikajiona nimeshapata dawa. Lakini mimi siwezi kuwa pale kila mlo, na mama akaendelea kukonda.

Siku moja nilifika saa ya chai ya alasiri. Mama alikuwa ameketi dirishani amenipa mgongo, hakuniona, nami nikasimama mlangoni navua koti. Mfanyakazi akaja na kitoroli, mama wa makamo, mpole, sina la kumlaumu. Akainama, akamuuliza kwa sauti nzuri kama atapenda chai na keki.

Mama akajibu kwa kile Kiingereza chake kilichobaki, nimeshiba, ahsante.

Yule mama akamshukuru, akamgusa bega, akaenda kwa mzee wa pili. Basi. Mama yangu akakifuata kitoroli kwa macho. Kilipokwenda kwa huyu, macho yakaenda, kilipokwenda kwa yule, macho yakaenda, mpaka kikatoka mlangoni. Kanga alikuwa ameshaitandika magotini, ya kudakia makombo.

Jamani! Mama yangu alikuwa na njaa! Alikuwa anasubiri kulazimishwa.

Kwetu mtu mzima hakubali chakula mara ya kwanza. Ukimkaribisha, anasema ameshiba, amekula sasa hivi, msijisumbue. Hata tumbo linamlia atasema hivyo, kwa sababu anayekubali papo hapo ni mroho. Na wewe mwenyeji unajua kwamba hajashiba. Unamwambia haiwezekani, onja tu, usinitie aibu, unavuta kiti, unamwekea sahani mbele yake, mnavutana, mwisho anasema haya, kidogo tu, anakula mpaka basi. Mama alikuwa ameshasahau mambo mengi, lakini adabu hii hakuisahau. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, anajiheshimu, na kila siku wenyeji wake wanamwonyesha kwamba hawakuwa na nia ya kumlisha.

Nikaenda kwa msimamizi. Akanisikiliza vizuri, akanieleza kwamba mkazi ana haki ya kukataa, na akikataa lazima aheshimiwe. Naijua hiyo. Na mimi nimefundishwa hivyo hivyo, na ni sawa, kwa sababu kuna mahali wazee wanalishwa kwa nguvu kama watoto.

"Basi muulizeni mara tatu," nikasema.

"Tukimuuliza mara tatu tutakuwa tunamsumbua."

"Msumbueni! Ndicho anachotaka, asumbuliwe!"

Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Hakukasirika. Aliwaagiza wenzake, nao wakajaribu kweli, niliwaona. Lakini waliuliza mara tatu kwa sauti ile ile, unataka chai, unataka chai, unataka chai, na mama naye akajibu mara tatu vile vile. Sasa ningewafundisha nini? Kumlazimisha mtu kunataka uketi. Kunataka unune kidogo, umwambie umeamka asubuhi kwa ajili yake, utake kweli ale. Wao wana kitoroli na wazee wamejaa ukumbi mzima.

Kaka nilipomwambia namtoa mama, aliwaka. "Unamtoa mahali pazuri vile kwa sababu ya chai?"

"Kwa sababu ya njaa, kaka."

"Si apelekewe tu chakula? Wewe una mambo."

"Nina mambo, ndiyo. Njoo umtazame kidole chake."

Akaja, akatazama ile pete, akaizungusha kwa kidole chake. Lakini kukubali hakukubali, nami nikamrudisha mama kwangu.

Nyumba ya pili niliambiwa na muuza duka wa Kenton ninakonunua unga wa muhogo. Alisema kuna mama wa Kihindi mtaa wa nyuma, mzaliwa wa Mwanza, analea wazee nyumbani kwake, ana kibali na anakaguliwa. Nilienda bila mategemeo. Ilikuwa nyumba ya kawaida iliyoungana na ya jirani. Viatu unavua mlangoni. Zulia limechakaa, kuna kiti cha umeme cha kupandishia ngazi kinachoguna kikipanda, na nyumba nzima inanukia dengu na dawa ya kuchua. Wazee walikuwa wachache, wote meza moja. Nikanusa mito kama kawaida yangu, nikatazama kucha za wazee, nikafungua kabati la dawa. Pasafi. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa kidogo, kinatazama mapipa ya taka. Nyama na samaki haviingii jikoni mwake, ni mwiko wa dini yake. Nikawaza, mama wa Tanga, bila samaki?

Jumapili nikampeleka mama, na kaka akaja kwa kununa, kasimama mlangoni na viatu mkononi kama mtu anayewahi kuondoka. Yule mama akatukaribisha mezani. Sote watatu, bila kupanga, tukasema tumeshiba.

"Shiba wapi?" akasema. Kiswahili chake ni kile cha dukani, alikibeba akiwa msichana na hakukirekebisha. "Kula kwa nani? Mimi napika toka asubuhi, nani atakula hii yote?"

Alisema na huku anapakua. Akamwekea mama chapati mbili na dengu, akavuta kiti, akaketi karibu yake magoti yakigusana.

"Nimeshiba, mwanangu, ahsante," mama akasema.

"Mama, mimi nakasirika sasa."

"Nimekula sasa hivi."

"Onja. Moja tu. Kama mbaya, tupa."

Mama akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Haya," akasema. "Kidogo tu, kwa ajili yako." Akamega chapati. Akala ya kwanza, akala ya pili, akafuta sahani kwa kidole. "Dengu yako haina chumvi," akamwambia. Yule mama akacheka, akamwongeza.

Mimi nilikuwa nimeshaingia chooni, nalia na bomba nimelifungulia wasinisikie. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani.

Niliporudi nilimuuliza, maana kazi ni kazi, je, kila mtu unamlazimisha namna hii? Akaniashiria mzee wa Kiingereza aliyekuwa anasoma gazeti bila sahani mbele yake. "Ile mzee ikisema hapana, ni hapana. Mimi naacha yeye. Halafu yeye napiga kengele mwenyewe." Nikaridhika. Kaka naye nikamkuta na chapati ya tatu mkononi. Kwenye gari aliniambia zulia libadilishwe, halafu akaniuliza tunamhamisha lini.

Siku ya kumhamisha, mama aliketi kitandani kwangu, mimi nakunja kanga zake. Akaniuliza anakwenda kwa nani. Ningeweza kumdanganya kwamba anatembea tu, wengi wanafanya hivyo na siwalaumu. Nikamwambia, "Unakwenda kukaa kwa yule mama wa dengu. Huku huna mtu mchana, na mimi naogopa." Akafikiri. "Unaogopa nini, na mtu mzima wewe?" Nikamwambia naogopa moto. Akasema haya, akaniambia nisisahau ile kanga ya kijani.

Mwanzoni kila nikienda alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, koti kavaa, ananisubiri nimchukue. Nikiondoka ananishika mkono. Yule mama mwenyeji anamwita jikoni amsaidie kuchambua mchele, nami natoka kwa mlango kama mwizi. Kwenye treni nilikuwa nasema wiki ijayo namrudisha, liwe liwalo. Mama mdogo kila simu yake ni ile ile, mmemtupa, mmemtupa. Lakini pete ilikuwa inakaza. Mashavu yalirudi. Samaki nilimletea wa kukaanga, akawa anamlia nje bustanini, juu ya meza ya plastiki, mwenye nyumba akimtazama kwa dirisha akiwa ameziba pua, wanatukanana kwa kucheka.

Juzi nilienda kumwona. Hakuwa amevaa koti. Alikuwa na kanga tu na sweta, anabishana na yule mama kuhusu tangawizi. Tukaketi, tukaongea, akanisimulia habari za Pongwe kama za jana. Nilipoinuka, nikangoja anishike mkono. Hakunishika. Aliinuka na yeye, akatafuta ndara zake, akanisindikiza. Alinipitisha ukumbini, akanifungulia mlango, tukatembea pole pole mpaka kwenye kijigeti cha mbele, ameshika kiwiko changu. Pale akasimama, kama anavyosimama mwenye nyumba akimfikisha mgeni.

"Ahsante kwa kuja," mama yangu akaniambia. "Karibu tena, usipotee. Wasalimie huko kwenu."

Nikamwambia nitawasalimia. Akageuka, akarudi ndani taratibu, akafunga mlango.