Kipa Wetu wa Manga Hakuwa Kijana

Habari ya msiba ilinikuta uwanjani, nimelala chali kitandani na simu iko juu ya pua. Uwanja huu hauna nyasi wala tope. Ni ule mchezo wa mpira wa mtandaoni ambao wazazi wenu, wasomaji wangu, huulaumu kwa kila alama ya D inayoletwa nyumbani. Timu ilikuwa imekamilika isipokuwa kipa. Jina lake lilipowaka tukashangilia, kisha ujumbe ukaingia: "Mwenye akaunti hii amefariki. Alikuwa mama yangu. Tunamzika Alhamisi, nyumbani Manga. Tafadhali mje mseme kitu, maana hapa hakuna anayejua kwamba alikuwa akicheza na nyinyi." Nahodha wetu, kijana wa Nyakoe asiyeamini kitu mpaka akishike, akajibu, "Wacha mchezo, bana." Binti wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiandika, hakubishana. Akatuma picha ya omong'ina, mama mtu mzima kabisa, kitambaa kichwani, kikapu cha majani chai mgongoni, anacheka kama mtu aliyetoka kudaka penalti.

Sisi tulimwita Mmekula. Kabla ya kila mechi, wengine wakitukanana kwa furaha, yeye aliandika neno hilo moja: "Mmekula?" Usipojibu, hachezi. Ukisema hujala, anakuambia uende ukatafute hata ndizi, mpira utangoja. Maikrofoni yake hakuwahi kuifungua. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilitangaza kwamba sauti yake bado haijavunjika na anaona haya. Ijumaa jua likikaribia kuzama alitoweka, tukasema huyo ni mtoto wa pasta, akikutwa na simu siku ya Sabato atachapwa. Kuna mara aliacha goli wazi katikati ya mechi, akarudi na kuandika, "Samahani, chinsaga zilikuwa zinaungua." Tulicheka hadi tukafungwa. Nahodha akamwandikia, "Wee kijana, kwenu hakuna dada wa kupika mboga?" Akajibu, "Hakuna. Rudini nyuma mkabe." Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu, na kila kitu tulikigeuza kikawa kijana.

Na hatukuwa peke yetu. Muhula uliopita mwalimu wetu wa kompyuta alitwambia tuchague kundi lolote, tuhesabu watu wake, tuchore duara la takwimu. Mimi nikachukua timu yetu, kwa kuwa mchezo wenyewe unaonyesha umri na jinsia ya kila mchezaji. Duara likatoka rangi moja, buluu ya wavulana tupu, kama shati la shule. Mwalimu alilipenda kupita kiasi. "Mnaona? Namba imesema. Msichana yuko na kitabu, mvulana yuko na simu." Likabandikwa nje ya ofisi ya walimu, na siku ya wazazi likasomwa kama andiko. Mama mmoja kutoka Birongo alimkodolea mwanawe macho mpaka nikamhurumia, na mimi ndiye mchoraji. Hakuna aliyeuliza zile habari ziliandikwa na nani, na lini.

Binti ndiye aliyetueleza tulipofika Manga, matope yamefika magotini kwa sababu mwenye boda boda alikataa kupanda kilima. Akaunti ilifunguliwa na kaka yake. Alipopata kazi Uarabuni aliiacha simu nyumbani, na ndani yake jina lake, umri wake, uvulana wake. Mama alikuwa amezoea kumsikia mwanawe akicheka peke yake jikoni. Nyumba iliponyamaza, akaufungua mchezo ili aone alikuwa akicheka na nini. Akatukuta sisi. "Nilimwambia abadilishe aweke jina lake," binti alisema, "akakataa. Akasema mtoto akirudi apate vitu vyake vile alivyoviacha." Basi hivyo ndivyo mchumaji chai wa Manga alivyohesabiwa kuwa barobaro.

Mazishi ya kwetu mnayajua. Kila kundi huitwa mbele lijitambulishe na kusema lilivyomjua marehemu: wakwe, akina mama wa kanisa, wachumaji wa kituo cha majani, majirani. Tuliketi nyuma ya hema tukingoja kuitwa, na hakuna jina ambalo tungeitiwa. Akasimama kwanza mzee wa kanisa. Alimsifu mama kwa unyenyekevu, halafu akatuona. "Wazazi, chungeni hawa vijana. Siku hizi shetani hahitaji chang'aa, anaingia na simu. Mchezo, mchezo, mchezo! Angalieni huyu mama tunayemzika. Angewahi kupoteza saa yake na upuuzi kama huo?" Watu wakaitikia "Amina." Binti aliinamisha kichwa. Nahodha akaninong'oneza, "Twende zetu, hii imeshaharibika." Nikamshika shati.

Mshereheshaji alikuwa anafunga zamu ya wasemaji binti alipomwendea na kutuonyesha kwa kidole. Akatutazama viatu kwanza. "Haya, vijana, nyinyi mnasimama na nani? Kama ni chakula, sufuria bado ziko motoni, kwanza tuzike!" Hema zima likacheka. Nahodha akaichukua maikrofoni ya mshereheshaji. Nilijua amesahau kila kitu tulichopanga, kwa sababu aliigeuzageuza mkononi kama simu isiyo na chaji. Kisha akasema, "Mmekula?"

Watu wakacheka zaidi. Mmoja akapaza sauti, "Si nilisema hawa wamefuata nyama!" Nahodha akangoja wanyamaze. "Hivyo ndivyo mama alituuliza kila siku. Alikuwa kipa wetu. Kwenye simu. Tulidhani ni kijana mwenzetu." Mzee wa kanisa alitazama Biblia yake bila kuifungua. Mume wa marehemu aliinuka polepole kutoka kiti cha mbele. "Alikuwa akiniambia, 'Wacha niende, vijana wangu wananingoja.' Mimi nilifikiri ni kwaya." Akaketi.

Nimerudi shuleni na duara langu bado liko ukutani. Limehesabu sawasawa kila kilichoandikwa, na ndani yake kuna mama mmoja ambaye halimwoni. Nimemwomba mwalimu tulishushe, akasema takwimu haibadilishwi kwa sababu ya mtu mmoja. Labda ni kweli. Lakini mimi nilicheza na huyo mtu mmoja, na kama ningeambiwa tena nihesabu watu, ningeanza kwa kuwauliza wao ni nani kabla sijatafuta kalamu ya buluu. Tulipokuwa tukiaga, binti alituambia kitu ambacho sijakisahau. Wiki zile za mwisho mamake alikuwa hawezi kumeza hata uji, na bado jioni aliomba simu. Nimezisoma tena jumbe zetu za wiki hizo. Neno lake lipo kabla ya kila mechi, na chini yake sisi tunajibu ndiyo, ndiyo, tumekula, anza. Hakuna hata mmoja aliyeandika: na wewe?