Jina la Baba Kwenye Orodha

Gari liliingia Chencha, milimani kusini mwa Ethiopia, katikati ya ukungu, na Girum aliyeliendesha hakujua barabara inaishia wapi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemzungusha Daktari Zenebech mashambani alikotafiti daktari huyo mnyauko wa ensete, ule mmea unaofanana na mgomba, lakini huku juu hawakuwahi kufika. Mara mtandao ukarudi, na simu ya Zenebech ikaanza kulia mfululizo.

"Kuna msiba?" Girum aliuliza.

"Pongezi."

Orodha ya mwaka ya wanasayansi wanaoongoza duniani ilikuwa imetoka, naye yumo. Chuoni kwake Addis walikuwa wameshatundika bango langoni, jina wakilinakili kama lilivyo orodhani: HONGERA DAKTARI ATNAFU. Tena Alhamisi baraza la chuo lingekaa kuamua juu ya uprofesa alioungoja miaka saba.

Girum alicheka mpaka akapunguza mwendo. Atnafu ni baba yake Zenebech, mfumaji wa shuka kule Debre Markos, mzee asiyejua kusoma. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake. La baba hufuata nyuma tu.

"Kumbe mzee kawa mwanasayansi! Tumnunulie miwani."

Zenebech hakucheka. Alikuwa akipekua simu. Orodha ilimhesabia kazi mia moja na arobaini, na yeye ameandika thelathini na moja. Ya kwanza kabisa ilihusu nyufa za vyuma vya madaraja.

"Hizi ni za Zelalem," alisema.

Zelalem ni mdogo wake, mtafiti wa vyuma huko Korea. Watunza orodha hudhani jina la mwisho ni la ukoo, na la kwanza hulifupisha kwa herufi moja. Ndugu wawili, chuo kimoja walichoanzia, wakageuzwa kuwa mtu mmoja: Z. Atnafu.

Tangu hapo hakutulia. Alikata ensete mgonjwa, akaufuata mwingine bila kupitisha kisu motoni kuua vijidudu, Girum akamnyang'anya kisu. Mama Mulunesh, mwenyeji wao, alimwekea kocho ya moto, mkate wa ensete, na pilipili; Zenebech akamega mara moja, akatoka kwenda kilima cha kanisa kutafuta mtandao, akarudi, akatoka tena.

Jumanne asubuhi Zelalem alipiga. Zenebech alikuwa na utomvu mikononi, ikabidi Girum amshikie simu kwa sauti ya juu.

"Dada, umenimeza mzima! Ukurasa wangu mtupu. Hata mke wangu ananitazama kwa mashaka."

"Na mkataba wako?"

"Wanaupitia Jumatatu, si hii ijayo, ile inayofuata. Wanaangalia namba. Lakini ngoja Alhamisi ipite. Uwe profesa kwanza, ndipo tutenganishwe."

"Kurekebisha kunachukua siku ngapi?"

"Kwako zinaondoka papo hapo. Kurudi kwangu, siku kumi au zaidi."

"Basi ukingoja Alhamisi umechelewa."

"Miaka saba, Zenebech!"

"Nyamaza huko. Nani alikufundisha kusoma?"

Hakukata simu vizuri, mkuu wa kitivo, aliyekuwa ameshaandikiwa juu ya kosa hilo, naye akapiga. "Usiguse kitu, mama! Bango limeshatundikwa. Baraza linataka alama kumi na tano, wewe unazo thelathini na nane."

Alama kumi na tano maana yake kazi kumi na tano, kila moja imenukuliwa na wengine angalau mara kumi na tano. Zenebech alichukua kalamu ya Girum akahesabu zake peke yake juu ya mfuko wa sampuli. Kumi na nne. Akarudia. Kumi na nne.

"Moja tu," alisema. "Ile ya kumi na tano imenukuliwa mara kumi na tatu. Ningejinukuu mara mbili tu mwaka jana, ningefika."

"Si ulisema kujinukuu ni kujipigia makofi?"

"Nilisema."

"Mimi nilisema tule kwanza, ukanipuuza."

Walipanda kilimani pamoja. Ilimbidi aondoe kazi za mdogo wake kwenye ukurasa wake moja moja, mia moja na tisa, na mtandao ukikatika anangoja. Girum alisimama upande wa upepo kumkinga. Alipofika ya mwisho kidole kikakaa juu ya kioo muda mrefu. Kisha akatuma.

"Nateremka Addis leo hii," alisema.

"Kufanya nini? Watakukatalia."

"Wakatae nimekaa mbele yao. Na kabla ya kukataa, wasome. Kusoma kazi thelathini na moja hakumalizi siku mbili."

Gari libaki, alisema, sampuli haziwezi kungoja. Akasimamisha lori la kabichi liendalo Arba Minch, mji wa bondeni wenye mabasi ya Addis, akapanda mbele na mkoba magotini, nalo likateremka kwenye ukungu likipiga honi kila kona.

"Hakula tena," Mama Mulunesh alisema, akiwa ameshika sahani.

"Mimi nitakula," Girum alijibu. Akala amesimama, harakaharaka. Kisha akapitisha kisu motoni, akaenda kwenye ensete uliofuata.