Siku Nywele Zangu Zilipomkimbiza Mkwe

Haya chekeni, mimi nimeshajicheka vya kutosha: ndiye mimi niliyelitawanya soko zima la mji wetu wa Baraka bila bunduki, na brashi tu mkononi.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, nikapata bede ya zamani, kitabu cha picha zinazosema, kilichosimulia wasanii wa Paris waliokataa mabosi, viatu na kichanuo. (Kichanuo! Laiti ningeishia kwa mabosi.) Nikaanza kuchora bede yangu ya historia yao, na ukurasa wa mwisho nikajichora mwenyewe, msanii huru wa Baraka, na ili nifanane na picha nikaacha kuchana nywele miezi minne, nikavaa vichupa vya rangi shingoni.

Basi baba yake Riziki, mchumba wangu, akatuma habari kwamba anavuka ziwa kutoka Ubwari aje kunitazama kabla ya kusema ndiyo au hapana. Riziki akanionya, "Enda ukate ile nywele, we! Papa hajue mambo ya Paris." Nikamjibu msanii hanyolewi na mtu.

Boti ikawahi. Mimi niko sokoni napaka kibao, mikono imelowa rangi nyekundu mpaka viwikoni, mara namwona mzee huyo na shati lake jeupe la kanisani, amenyoosha mkono anisalimu. Nikaruka nyuma kuliokoa shati: "Musiniguse, Papa! Musiniguse!"

Kwetu nani asiyejua kwamba Mai-Mai, mpiganaji wa msituni mwenye nywele timtim na vichupa vya dawa ya kuzuia risasi shingoni, haguswi, eti dawa yake itaharibika? Na nywele zile, na vichupa vile! Mama mmoja akalia, "Bamefika!" na soko likaondoka lote (hapo sikucheka, nilisikia haya mpaka mifupani, maana bamama wale walikwisha kukimbia kweli mara nyingi). Nikamfuata mzee nimweleze, naye ndiyo kwanza akaongeza mwendo. Nilimkuta ndani ya kapu kubwa la ndagala, samaki mmoja ndevuni, nikamfungulia daftari la bede yangu.

"Papa, mi niko muchoraji tu, angalia!"

Akafunua kurasa zote, polepole, mpaka ya mwisho.

"Huyu ni we?"

"Ndiyo, Papa."

"Muntu wa kukata nywele iko wapi?"

Nikanyolewa upara, yeye amesimama pale pale anasimamia, na Riziki nikampata. Nimeapa, kwa wakwe siendi tena bila kuchana nywele. Ila bede yangu haijaisha mpaka leo: ukurasa wa mzee ndani ya kapu mkwe ameukataza kabisa, na ndio huo huo mke wangu ananiomba kila Jumapili.