Kura ya Kinda la Kunguru

Kunguru wa Mombasa hana wakili. Watu wa Kibokoni hugombana juu ya siasa, mpira, na kama mwezi umeandama au haukuandama, lakini kunguru huwapatanisha: ni mwizi, ni mchafu, ni mgeni asiyeaga. Kwa hivyo mdogo wangu wa mwisho alipoingia nyumbani akiwa na kinda la kunguru kikapuni, nilijua tumeleta balaa.

"Kaka, limeanguka kutoka mwarobainini. Tulilee mpaka liruke."

Nikasema haya. Nilisema upesi, kwa uchovu, maana kutwa nilikuwa nimepinda leso kwa cherehani Biashara Street na mgongo ulikuwa unaniwaka moto. Lakini nilisema. Tangu mama alipomfuata baba kaburini, nami nikaacha shule darasa la nane, nina sheria moja na wadogo zangu watatu: nikisema haya, ni haya. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa kisichoisha.

Nisilolifikiria ni wazazi wa kinda. Walihamia kwenye waya za stima mbele ya mlango wetu, na kila apitaye kichochoroni akapigwa bawa la utosi. Waliwapenda zaidi wenye kofia nyeupe. Jirani yetu wa mkabala, mzee aliyestaafu ukarani wa bandari, alivuliwa kofia mara mbili siku moja. Ya pili ikaangukia mtaroni. Na haikuwa kofia ya dukani. Ilikuwa kofia ya mkono, aliyoshonewa na marehemu mkewe.

Kikundi cha simu cha mtaa kikawaka. Mmoja alituma video ya kunguru akila vifaranga. Mwingine akasema ndege hawa si wa hapa, waliletwa kutoka Bara Hindi, warudishwe. Muuza vitambaa wa kona akamjibu, "Babu yangu naye alitoka huko huko. Mnifungie mizigo?" Baada ya hapo tulipata saa nzima ya kuombana radhi.

Ndipo msimamizi wa kikundi, fundi simu anayependa mambo ya kisasa, akaweka kura. *Kinda la kunguru: Litolewe. Libaki.* Mwisho, Ijumaa alasiri.

Mwaka wetu wa kwanza wa uyatima, sahani zilizofunikwa ziliingia kwetu kila adhuhuri kutoka nyumba za kichochoro hiki. Mtaa ukisema litolewe, nitaukatalia kwa uso upi? Na nikilitoa, nitamtazama mdogo wangu kwa macho yepi?

Nikaanza kuzunguka milango kuomba kura. Nilianza na bibi wa ghorofani, apikaye mahamri.

"Muache kiumbe wa Mungu, mwanangu," akanambia. "Kura yangu ushaipata."

Sijamaliza kushuka ngazi, nikamsikia dirishani akimwambia yule mzee wa kofia aliyekuwa chini, "Atolewe, bwana! Hata kofia za watu! Kura yangu ushaipata."

Ijumaa, alasiri ilipoingia, matokeo yakatoka. Litolewe, thelathini na moja. Libaki, thelathini na moja. Waliopiga kura walikuwa watu thelathini na mmoja.

Msimamizi alirekodi sauti, akitweta. "Jamani! Mtu mmoja, jibu moja! Kila mtu aondoe moja!"

"Simu imekubali," bibi wa mahamri akajibu. "Lingekuwa kosa, ingekataa."

Mpangaji mmoja kutoka bara, afanyaye kazi gatini Mbaraki, ambaye hakupiga kura kwa kuwa alijiona bado mgeni, akauliza kwa adabu, "Samahani, kwani hata uchaguzi mkuu huku hupigwa hivi?"

Angejibiwa nini? Ukibonyeza jibu kwenye kura ile, majina ya waliolichagua yanatokea yote, na Kibokoni nani ataandika jina lake dhidi ya jirani, hadharani, halafu kesho amwombe chumvi? Kila mtu alifanya kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja: alihudhuria zote.

Nilikuwa nacheka peke yangu mdogo wangu aliponipokonya simu. Akasoma majina yote.

"Kaka, jina lako liko huku pia. Kwenye Litolewe."

Nikaanza kumweleza habari za adabu, wakubwa, ujirani. Akaningoja nimalize.

"Lakini ulisema haya."

Kinda lilikuwa mapajani pake, kinywa wazi, likidai dagaa. Nikaichukua simu nikaondoa alama yangu moja. Litolewe, thelathini. Libaki, thelathini na moja.

Kisha bibi wa mahamri akaandika, "Alhamdulillahi, amepatikana wa kwanza," na kabla chai haijachemka kura tisa zikatoka kwenye Litolewe. Mzee alipoonekana amefungua simu, nne zikarudi. Mwisho mzee mwenyewe akaandika neno moja: "Sawa."

Sawa ya mzee wa Kibokoni ni nzito kuliko tusi. Nikachukua mwavuli nikavuka kichochoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshinda."

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja kukupeleka msikitini magharibi hii."

Akautazama mwavuli, akaitazama mbingu kavu. "Mvua iko wapi?"

"Iko juu ya waya."

Akajizuia kucheka, lakini ndevu zilitikisika.

Tukaenda hivyo siku tisa. Adhuhuri na alasiri nilitoka Biashara Street mbio, leso za watu zimebaki nusu pindo, na magharibi nikampeleka tena. Isha na alfajiri hapakuwa na haja, kunguru wamelala. Njiani walitupiga mapigo ya haki, mwavuli ukalia kama ngoma, naye akitembea chini yake kwa madaha kama bwana harusi. Siku ya tatu akanambia, bila kunitazama, "Mimi nami nilitia zote mbili. Ningewaandikia vipi watoto wa marehemu watolewe kitu chao?"

Siku ya kumi, asubuhi, kinda liliruka. Lilitoka dirishani vibaya, likagonga dishi la televisheni, likakaa, likaenda. Mdogo wangu alipiga makofi, kisha akalia, kisha akataka chai.

Adhuhuri nilimkuta mzee mlangoni pake, kofia kichwani, akiningoja.

"Limeruka," nikamwambia. "Limekwenda zake."

"Yakini?"

"Yakini."

Akatazama waya. Wazazi wawili walikuwa wamekaa pale pale, shingo mbele, wakitupima.

"Hata hivyo fungua mwavuli," akasema. "Hawa hawamo kwenye kikundi."