Siku Niliyompima Kukhu kwa Vitu vya Jirani

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo chakula hakishuki. Nilikuwa msichana, nimemaliza chuo juzi, nimepata kibarua cha utafiti: kuingia nyumba kwa nyumba Bungoma nikiuliza watu wana nini na hawana nini. Wataalamu walitaka kujua pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho, na wazee wa hali ya chini kabisa waandikiwe msaada wa kila mwezi. Nilitoka kwetu Kitale na viatu vipya na maringo mengi.

Huko Matulo niliingia kwa mjane mmoja mzee ambaye wote walimwita Kukhu, yaani Bibi, Nasimiyu. Aliishi peke yake, presha ikimsumbua, na dawa alinunua anapopata. Mzee wa kijiji alikuwa amemwambia mapema kwamba mgeni anakuja. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana yake. Nilikuta viti sita vyenye vitambaa vyeupe, redio kubwa mezani, na jikoni kuku ananukia. Nikatoa fomu.

"Maswali itangoja, mwanangu," akasema. "Kula kwanza. Mgeni hawezi toka kwangu na njaa."

Nilikula, tena nikaongeza. Kisha nikaanza kujaza. Viti, sita. Redio, ipo. Nyama wiki hii, ndiyo. Nilipomuuliza kama vitu ni vyake, alicheka kidogo. "Si viko kwangu?"

Nami nilijua, mwanangu. Hapo ndipo uchungu ulipo. Mama yangu mwenyewe, mwalimu akija kututembelea, alitutuma kuazima vikombe kwa jirani. Lakini msimamizi wetu alisema tuandike tunachokiona, nyumba nyingine zilikuwa zinaningoja, na kumuuliza Kukhu mara ya pili niliona ni kumwaibisha. Nikauita uvivu wangu heshima.

Miezi kadhaa baadaye majina ya watakaopata msaada yalisomwa barazani, nami nikiwepo. La Kukhu halikuwemo. Lilikuwemo la bwana mmoja ambaye siku ya maswali aliwapeleka ng'ombe wake kwa shemeji. Mzee wa kijiji alinivuta kando.

"Wewe dada, hiyo kuku ulikula ndiyo alikuwa nayo tu. Redio ni yangu, nilimbebea mimi mwenyewe ndio asiaibike mbele yako. Sasa mtu anakuheshimu, unaandika ati yeye ni tajiri?"

Nilikimbia ofisini kuomba arekebishiwe, nikaambiwa orodha imefungwa, ningoje hesabu ijayo. Kukhu hakuifikia. Dawa zilimwishia, presha ikamwangusha akipalilia mahindi, na hakuamka. Mazishini nilikaa nyuma kabisa, ila dada yake alinitafuta akanishika mkono kunishukuru.

"Alikuwa anakutaja," akaniambia. "Alisema ulikula vizuri."

Nililia pale mbele ya watu, nao wakadhani ni mapenzi tu.

Nimezeeka katika kazi hii, nimeandika ripoti ambazo wakubwa wamezisifu, na sijaandika hata moja bila kumwona yeye. Sasa ni zamu yenu, mna tableti zenu na mna haraka kuliko sisi. Basi nisikilize. Usimpime mtu kwa jinsi alivyokupokea. Muulize alikula nini siku ambayo hukuwepo. Uliza mara ya pili, kwa upole, mkiwa wawili tu, hata kama unaona haya, kwa sababu haya yako itapita lakini jina likikosekana ni mwaka mzima wa mtu. Na ukigundua umekosea, lipiganie jina hilo siku hiyo hiyo. Usijifariji na hesabu ijayo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha, na asipatikane mtu hata mmoja atakayekosa dawa kwa sababu ya mkono wako.