Mtoto wa Ofisi Mbili

Célestine, fundi cherehani mhamiaji wa mtaa wa La Rochelle, alipenda kufuata sheria mpaka majirani wakamcheka. Rafiki yake Masika, waliyehama naye kutoka kwao Uvira, alipokuwa anakata roho mwaka 2016, alimkabidhi binti yake Héritière mbele ya kikundi cha maombi, na kwa watu wa kwao hilo lilitosha. Célestine hakutosheka. Alitaka karatasi, akajipeleka mwenyewe kwenye shirika la watoto. Wema huo ndio uliomponza.

Shirika lilimtuma Miss Nthabi, afisa ustawi mcheshi, aliyekula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwake mpaka akaramba vidole. Akamweleza mambo yanavyokwenda: shirika huchunguza nyumba na kuandika ripoti, ofisi ya jimbo kule Marshalltown huipitisha, kisha mahakama ya watoto hutoa amri. Asiwe na wasiwasi, alimwambia, yeye yuko upande wake. Célestine akamwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Ripoti ikalala mwaka na nusu. Akienda Marshalltown anaambiwa shirika halijaileta. Akirudi kwenye shirika anaambiwa iko Marshalltown. Ukiniuliza mimi, hakuna mahali mtoto anapopotea upesi kama katikati ya wakubwa wawili wanaotegeana.

Desemba 2018, shule zilipofungwa, Célestine alifanya wanachofanya watu wa kwao wote: alimpeleka mtoto mtaa wa Kensington kwa Parfait, mzee wa kanisa ambaye watoto walimwita tonton, yaani mjomba, akacheze na wenzake wiki tatu. Kwao, mtoto anayekaa nyumba moja mwaka mzima huonekana hana watu. Hata hivyo alimpigia simu kwanza Miss Nthabi kuomba ruhusa.

"Sharp, mama, hakuna shida," akajibiwa.

Wiki ile ile maafisa wa jimbo wakazinduka. Wakabisha hodi La Rochelle, wakakuta cherehani, mtoto hawakumkuta. Wakaandika kwamba mlezi amemgawa mtoto kwa mtu mwingine.

Januari Célestine na mtoto wakaitwa mahakamani. Hakimu aliuliza nani aliruhusu safari ile. Célestine akamwambia mkalimani, bila wasiwasi wowote, kwamba alipiga simu na akakubaliwa. Miss Nthabi akafungua faili, akalifunga, akasema hana kumbukumbu ya simu hiyo. Afisa wa jimbo akasema uangalizi ulikuwa kazi ya shirika. Miss Nthabi akasema uamuzi ulikuwa wa jimbo. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba Héritière akae kwenye makao ya watoto kwa sasa, na hakimu akaandika hivyo.

Célestine alijiona amevuliwa nguo hadharani. Alikasirika, lakini uchungu ulikuwa mkubwa zaidi.

"Nilikuamini wewe kuliko watu wangu," alimwambia Miss Nthabi mlangoni, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Miss Nthabi akainamia simu yake.

Gari la serikali lilikuwa linangoja nje. Héritière, ambaye kila siku alisemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, siku hiyo alitafuta maneno ya mama zake.

"Mama Célestine, naenda kwa tonton Parfait?"

Afisa wa gari alikuwa anatazama saa. Célestine akachuchumaa, akamfunga mtoto kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa.

"Ndiyo," akasema. "Nitakuja kukuchukua dimanche, tukitoka kanisani."

Mtoto akapanda mwenyewe, akitabasamu, akampungia mkono. Célestine naye akapunga, akijihesabu miongoni mwa waliomsaliti mtoto yule.